Uvimbe wa korodani usiouma: jinsi ya kujipima, na lini usikubali kuambiwa ni busha

Mwanamume wa pwani akisema korodani yake imevimba, jibu analopewa huwa ni moja kati ya mawili: una busha, au una ngiri. Mara nyingi ni kweli, maana minyoo ya matende inayoenezwa na mbu imeleta mabusha ukanda huu kwa vizazi vingi. Tatizo ni kwamba saratani ya korodani nayo huanza bila maumivu, na humpata zaidi kijana wa miaka 15 hadi 40. Kwa Waafrika ni nadra kuliko kwa wanaume wa Ulaya ya Kaskazini, na unadra huo ndio unaofanya isifikiriwe mapema. Inasikitisha, kwa sababu ni kati ya saratani zinazotibika vizuri kuliko zote.

Jipime mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto. Joto hulegeza ngozi ya mfuko. Kwenye baridi mfuko hujikunja na hutahisi kitu cha maana. Simama, shika korodani moja kwa mikono yote miwili, vidole chini na madole gumba juu, kisha izungushe taratibu bila kuiminya. Korodani yenye afya haina mabonde wala vinundu, na ugumu wake ni kama wa yai lililochemshwa na kumenywa. Urefu wake kwa mtu mzima ni sentimita 4 hadi 5 hivi. Nyuma yake utagusa kitu laini kama kamba iliyojikunja, kinachoanzia juu: hiyo ni epididimisi, mahali mbegu zinapokomaa. Wengi wakiigusa mara ya kwanza hudhani wameota uvimbe, kwa hiyo izoee kwanza. Halafu pima ya pili. Moja kuwa kubwa kidogo, au ya kushoto kuning'inia chini zaidi, si ugonjwa.

Unachotafuta ni kinundu kigumu kilichoshikamana na korodani yenyewe, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele. Pia korodani iliyokuwa laini ikawa ngumu, iliyokua ikamzidi sana mwenzake, au mfuko kuhisi mzito upande mmoja. Wengine huanza na maumivu ya kufukuta kwenye kinena au chini ya tumbo. Baadhi ya saratani hizi hutoa homoni ya hCG, ileile inayopimwa kwa wajawazito, na mwanamume huona matiti yakivimba na kuuma. Ikishasambaa huleta maumivu ya mgongo yasiyoisha, kwa sababu tezi zinazopokea majimaji ya korodani ziko ndani ya tumbo karibu na uti wa mgongo. Kisha kikohozi, kukosa pumzi, au uvimbe shingoni juu ya mtulinga.

Sasa, kutofautisha. Ngiri hushuka kutoka kinenani, huongezeka ukikohoa, na mara nyingi hurudi ndani ukilala. Mishipa ya damu iliyovimba, hasa upande wa kushoto, huonekana ukisimama na hunywea ukilala. Busha ni maji: ukiweka tochi ya simu nyuma ya uvimbe gizani, mwanga mwekundu hupenya, ilhali uvimbe mgumu hauruhusu mwanga. Hata hivyo tochi isikutulize. Saratani inaweza kukusanya maji kuizunguka ikajificha ndani ya busha, kwa hiyo kijana mwenye busha jipya anahitaji altrasaundi kabla ya kufanyiwa chochote.

Maambukizi huja na maumivu na mara nyingi homa, na hutibiwa kwa antibayotiki. Umemaliza dozi na uvimbe bado upo? Usipokee dozi ya pili bila altrasaundi. Hapo ndipo miezi hupotea. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine kabisa: huenda korodani imejisokota, na ina takriban saa 6 tu kabla ya kuanza kufa. Nenda hospitali usiku huohuo.

Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye korodani haikushuka utotoni, aliyewahi kuugua upande mmoja, au ambaye baba au kaka yake aliugua. Mzazi, mkague mtoto: korodani ambayo haijashuka akifika miezi 6 ionwe na daktari, na upasuaji hufanywa vizuri zaidi kabla ya miezi 18. Kuendesha bodaboda, nguo za kubana na kupiga punyeto havisababishi saratani hii.

Hospitalini, omba altrasaundi ya korodani. Ikionyesha uvimbe ndani, hufuata vipimo vya damu vya AFP, hCG na LDH, vitu ambavyo saratani hizi huweza kuviongeza kwenye damu, na picha ya CT ya kifua na tumbo. Vipimo vya damu kuwa sawa hakumaanishi huna saratani. Na hili ulishike: uvimbe wa namna hii hauchomwi sindano wala kupasuliwa kupitia mfuko, kwa sababu huweza kueneza seli kwenye ngozi na tezi za kinena. Korodani hutolewa nzima kupitia mkato wa kinenani, kisha hupelekwa maabara. Iliyobaki, ikiwa na afya, kwa kawaida inatosha kwa nguvu za kiume na kwa uzazi. Lakini tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hupunguza mbegu, kwa hiyo uliza kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya dripu ya kwanza.

Saratani iliyosambaa hutibiwa kwa dawa tatu, bleomaisini, etoposaidi na sisplatini, mizunguko 3 au 4 ya siku 21. Kabla daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana hajaanza kutumia sisplatini mwaka 1974, wengi waliofika hatua hiyo walikufa. Leo wengi wao hupona. Mwanasoka Sébastien Haller aligunduliwa kuwa na saratani hii Julai 2022, akapasuliwa na kupewa tibakemikali, na Februari 2024 akaifungia Ivory Coast bao la ushindi kwenye fainali ya AFCON.

Baada ya tiba usikose kliniki, hasa miaka 2 ya kwanza, ambamo saratani hii hurudi zaidi kama itarudi. Korodani iliyobaki endelea kuipima kila mwezi, maana nayo inaweza kuugua hata miaka mingi baadaye.