Wikendi nje ya Guangzhou? Shika pasipoti

Ndugu yangu unayeishi Guangzhou, ukichoka na jiji panda treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou South hadi Guilin. Ni kama saa tatu tu, na ile milima ya chokaa kando ya mto Li inatuliza roho kweli. Tiketi kata mapema kwenye 12306, programu rasmi ya tiketi za treni China, jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti, maana pasipoti ndiyo tiketi yako. Mashine ya langoni ikiikataa, nenda kwa mhudumu. Ukilala kwa rafiki badala ya hotelini, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Njaa ikiuma, tafuta maandishi 清真, yaani halali: tambi za Lanzhou zinavutwa kwa mkono ukiona, supu ya ng'ombe inafuka mvuke.