Fimbo ya kwanza ya flai kwa bahari ya Dar: chukua namba 8

Maelekezo mengi ya uvuvi wa flai, yaani kuvua kwa kurusha chambo bandia chepesi kwa fimbo, yameandikwa na wavuvi wa mito ya nchi za baridi, nao humwambia anayeanza anunue fimbo namba 5. Kwa mto mwembamba uliofunikwa na miti, sawa. Ukiileta Kigamboni saa nane mchana, kusi linavuma, flai itarudi kukupiga kisogoni.

Kwanza, namba yenyewe. Kwenye mshipi wa mkono, chubwi ndiyo inayouvuta mshipi kwenda mbali. Flai ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, uzito wake haufiki popote. Kinachoibeba ni uzi mnene unaorushwa. Kwa hiyo namba ya fimbo hufuata uzito wa uzi, unaopimwa kwa futi 30 zake za mwanzo, kama mita 9. Namba 5 ni gramu 9 hivi, namba 8 ni gramu 13.6, namba 10 ni gramu 18. Haihusiani na kilo za samaki.

Namba 8 inapasua upepo wa kawaida wa pwani na inarusha flai za ndoana hadi 1/0. (Namba za ndoana huenda kinyume: 6 ni ndogo kuliko 2, kisha baada ya 1 huja 1/0, 2/0, na kuendelea kukua.) Inamtosha changu, mzia mdogo na kolekole wa kilo mbili tatu. Namba 6 iache kwa chaa, asubuhi ya maji shwari. Namba 10 ni ya nguru na kolekole wakubwa. Mkono usiozoea huchoka upesi, na mkono uliochoka hujifunza kurusha vibaya. Namba 12 isahau kwa sasa.

Tafuta fimbo ya futi 9, vipande vinne, yenye namba iliyoandikwa juu ya kishikio. Kwenye boksi la uzi soma WF8F: mnene upande wa mbele, namba 8, unaelea. Hakikisha umeandikwa kuwa ni wa maji ya chumvi ya nchi za joto. Uzi wa nchi za baridi ukikutana na jua letu hulegea, hunata na kugoma kupita kwenye vipete vya fimbo, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Rili, kigurudumu cha kuzungushia uzi, nayo iwe ya maji ya chumvi, yenye breki nzuri na nafasi ya mita 150 au zaidi za uzi wa akiba chini ya uzi mnene.

Uzi namba 6 kwenye fimbo namba 8 hauikunji fimbo, kwa hiyo haurushi kitu. Utaongeza nguvu bure mpaka bega liume. Uzi namba 10 unaikunja kupita kiasi, halafu unaanguka miguuni kama kamba ya nguo. Tofauti ya namba moja juu huvumilika, na wengine huipenda kwa kurusha karibu.

Jaribu kwanza uwanjani, mbali na nyaya za umeme, maana fimbo ya kaboni hupitisha umeme. Badala ya flai funga kipande cha sufu nyekundu. Toa mita 9 za uzi nje ya ncha, rusha nyuma, subiri unyooke, ndipo urushe mbele. Usiposubiri, uzi hulia kama mjeledi. Ukifanya hivyo baharini, flai hukatika.

Sasa upepo, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ufuo unaotazama mashariki hupata kusi kutoka mbele kulia, na kaskazi kutoka mbele kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kulia, kusi humsukumia ndoana mwilini; kaskazi huipeleka mbali naye. Kwa hiyo mwenye mkono wa kulia aanze miezi ya Desemba hadi Februari, na wa kushoto ana nafuu wakati wa kusi asubuhi na mapema. Miwani na kofia ni lazima kwa wote.

Mzia na nguru wana meno: ongeza waya mfupi mbele ya flai. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu, usivue humo. Kwingineko ulizia leseni ofisi ya uvuvi kabla ya kutoka. Ukirudi, osha fimbo, rili na vipete kwa maji baridi ya bomba, ukaushe kivulini kabla ya kuvirudisha kwenye mfuko.