Kununua na kufunga risiva ya hom thieta: maelekezo ya fundi wa Mabatini, Mwanza

Kabla hujauliza bei, igeuze uone mgongo wake. Karibu na waya wa umeme kuna maandishi madogo, na kitu cha kwanza kutafuta hapo ni volti. Ukikuta 220–240V au 230V, 50Hz, endelea kuongea na muuzaji. Ukikuta 120V, 60Hz, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. 100V ni ya Japani. Hizo mbili ukizichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 utasikia mlio, kisha harufu, kisha utaniletea mimi.

Mimi ni fundi wa redio na tivii, kibanda changu kiko Mabatini, na risiva ninayoizungumzia si ile ya dishi. Ni lile boksi zito linalokaa katikati ya king'amuzi, tivii na spika. Linapokea picha na sauti, linaipitisha picha kwenda kwenye tivii, linafumbua sauti na kuisukuma kwenye spika tano au zaidi. Nyingi ninazoletewa ni used: Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer, Sony. Zilizotumika Uingereza au Dubai zina volti kama zetu, kwa hiyo ndizo za kukimbilia.

Kwa ile ya Marekani, muuzaji atakwambia, "Weka tu transfoma, bosi." Ni kweli transfoma ya kushusha umeme inafanya kazi, ila iwe kubwa: soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa risiva, kisha chukua transfoma yenye uwezo wa mara mbili yake. Inapata joto, inanguruma, inakula nafasi. Halafu siku moja dada wa kazi anasogeza kabati apige deki, anarudisha kila kitu mahali pake, na ile plagi anaichomeka moja kwa moja ukutani. Hana kosa, hakuna aliyemwambia. Mimi risiva ya volti 120 siinunui hata ikiwa nusu bei.

Baada ya volti watu hukimbilia wati, na hapo ndipo wanapopigwa. Tumezoea sabufa za dukani zenye boksi lililoandikwa 10,000W PMPO, yaani wati za kutangazia tu. Nayo igeuze: mgongoni utakuta inakula umeme mdogo kuliko pasi, tena mdogo sana. Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu ambayo hakijaichukua ukutani. Kwenye risiva uongo ni wa kistaarabu zaidi. Risiva moja inaweza kuandikwa wati 70 ukurasa huu na wati 135 ukurasa mwingine, na zote ni za kweli kwa masharti yake. Namba ya kuiamini ni ile iliyopimwa chaneli mbili zikipiga pamoja, kuanzia 20Hz hadi 20kHz (kutoka besi ya chini kabisa hadi sauti kali kabisa), mkwaruzo ukiwa chini ya asilimia 0.1. Ile ya chaneli moja, 1kHz, mkwaruzo asilimia 10, ni ya kuuzia. Wala usiumize kichwa kuchagua kati ya wati 70 na wati 90: tofauti yake ni kama desibeli 1, na hutaisikia Simba na Yanga wakiwa uwanjani. Sebule ya mita 4 kwa 5, wati 60 za kweli zinatosha hadi mwenye nyumba agonge mlango.

Chaneli ngapi? Tano na sabufa moja, yaani 5.1. Dolby Atmos iliingia kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014 na inataka spika za juu, darini. Nyumba zetu nyingi juu ni mabati, chini yake jipsamu ikiwepo. Mvua ikianza kunyesha hakuna Atmos wala nini, ni mabati yanaongea. Hela ya spika za juu iongeze kwenye spika ya kati, ambayo nitaieleza, maana ndiyo inayobeba maneno.

Kitu cha mwisho cha kukagua mgongoni ni matundu ya HDMI. Unataka yasiyopungua matatu ya kuingizia, na moja la kutolea lenye maandishi ARC. Hilo la ARC hurudisha sauti kutoka kwenye tivii kwa waya uleule uliopeleka picha, kwa hiyo YouTube ya kwenye tivii itasikika kwenye spika zako. Kama tivii yako ni ya 4K na una kifaa cha kuonyesha muvi za 4K, risiva iwe na HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia kunakili muvi, bila hiyo skrini inaweza kubaki nyeusi au picha ikashuka ubora. Lakini usiitupe risiva nzuri ya zamani kwa sababu hiyo. Peleka picha moja kwa moja kwenye tivii, kisha sauti itoe kwenye tivii kwa waya wa optiko, ule wenye taa nyekundu ndani. Optiko hubeba 5.1 ya kawaida bila tatizo.

Kuijaribu dukani

Nenda na simu, flashi yenye muvi unayoijua, waya wa HDMI na kipande cha waya wa spika. Usikubali kuonyeshwa kuwa "inawaka". Kuwaka si kufanya kazi.

Ukiiwasha, subiri sekunde chache usikie "tik" ndani. Hiyo ni rilei inayofungulia spika, na maana yake risiva imejikagua ikajiona nzima. Isipotoa mlio huo, au ikazima tena, au taa ikaanza kupepesa nyekundu, imeingia protekti, yaani imejifunga kujilinda na hitilafu, iache hapohapo. Kisha chukua spika moja na uihamishe kwenye kila chaneli, zote tano, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Halafu kila tundu la HDMI, moja baada ya jingine, kwa sababu bodi ya HDMI ndiyo inayokufa mapema kuliko kitu kingine na kuipata nyingine ni kazi. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimelika, kuna fundi mwenzangu alishaingia. Nusa matundu ya juu. Ulizia rimoti na ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Maikrofoni ikipotea, usichukue tu ya kampuni nyingine, maana kila kampuni ilipima risiva zake kwa maikrofoni yake.

Spika nazo ziwe na ohm 6 au 8, imeandikwa nyuma. Hapa wengi huja na wazo la kutumia spika za ile hom thieta ya boksi iliyoungua deki. Zile nyingi ni ohm 3. Kadiri ohm zinavyopungua ndivyo spika inavyovuta mkondo mkubwa, na risiva iliyotengenezwa kwa ohm 6 itapata joto hadi izime, au iungue kabisa. Ziuze, ziwekee redio ndogo, fanya lolote ila hilo.

Ile sabufa ya PMPO tuliyoicheka, usiitupe. Risiva haina amplifaya ya kusukuma sabufa. Inatoa ishara tu kwenye tundu lililoandikwa SUBWOOFER PRE OUT na inategemea sabufa yenye amplifaya yake. Sabufa yako inayo. Chomoa vispika vyake vidogo, peleka waya wa RCA kutoka tundu hilo hadi AUX ya sabufa, weka sauti yake katikati, na umeanza. Baadaye ukipata hela utanunua ya maana.

Waya

Waya mwembamba unaouzwa kwa jina la waya wa spika, ule wa uwazi, mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Chukua wembe, menya sentimita moja, ukwangue uzi mmoja. Ukibaki mwekundu ni shaba. Ukiwa mweupe ndani, mrudishie. Mimi hutumia waya laini wa umeme wa milimita 1.5, wa nyuzi mbili, kutoka duka la vifaa vya umeme. Kwa spika za ohm 8 unatosha hadi mita 15 hivi. Nyumba kubwa kama zile za Capri Point, chukua milimita 2.5.

Chomoa risiva ukutani kabla ya kugusa chochote. Menya sentimita moja, sokota nyuzi zishikane kabisa, ingiza, kaza, kisha inama uangalie kwa tochi ya simu. Uzi mmoja tu unaotoka tundu jekundu ukagusa jeusi ni shoti, na ndiyo sababu ya wengi kuniletea risiva nzima wakidhani imekufa. Naikata ile ncha, naimenya upya, naiwasha. Bure siifanyi lakini.

Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika zisizo na rangi zipime kwa betri ya redio ya volti 1.5: gusisha waya mmoja kwenye kila upande kwa sekunde moja huku ukiangalia koni. Koni ikiruka kuja mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio wa nyekundu. Ikirudi ndani, umezigeuza. Spika mbili za mbele zikipishana hivyo, besi inapotea na sauti inakuwa haina mahali pa kukaa, na mtu anaanza kulaumu risiva.

Kupanga chumba

Sebule zetu ni tofali, plasta, marumaru chini na vioo dirishani. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu usikie linavyorudi. Mwangwi huo ndio unaokula maneno ya muvi, na hakuna kitufe cha kuuondoa. Zulia nene kati ya kochi na tivii, mapazia mazito, makochi ya kitambaa: hivyo vitatu vinafanya kazi kuliko kuongeza wati mia.

Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia, umbali kati yake ukaribiane na umbali kutoka kila moja hadi unapokaa, zikikugeukia, twita (vile vispika vidogo vya sauti kali) zikiwa usawa wa masikio. Spika ya kati iwe chini au juu ya tivii, imeinamishwa ielekee usoni, na isogezwe hadi ukingo wa kabati ili sauti isigonge mbao. Za nyuma ziwe ubavuni kwako na nyuma kidogo, juu ya masikio kiasi. Usizipeleke kona za mbali ukutani eti kwa sababu msumari ulikuwepo. Kama hela inatosha spika tatu tu, funga tatu za mbele vizuri, za nyuma zitakuja.

Sabufa: iweke juu ya kochi unalokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa ukutani ukisikiliza. Pale besi inaposikika imenyooka bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Watoto watakucheka.

Sasa washa, chomeka maikrofoni, iweke unapokaa, usawa wa masikio, juu ya stuli na vitabu, isiegemee kochi. Zima feni. Risiva itapiga milio kwenye kila spika na kupanga umbali na sauti yenyewe. Yamaha huiita YPAO, Denon Audyssey, Pioneer MCACC. Ikimaliza, ingia kwenye menyu usahihishe vitu viwili. Spika ndogo zilizoandikwa Large zigeuze ziwe Small na mpaka wa besi uweke 80Hz, ili besi yote iende kwenye sabufa. Spika ya kati iongeze desibeli 2 au 3. Umbali wa sabufa ukiandikwa mrefu kuliko futi yako inavyosema, uache; risiva inafidia ucheleweshaji wa amplifaya ya sabufa.

Kwenye tivii, washa CEC, inayofanya tivii na risiva ziwasiliane kwa waya wa HDMI (Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink), zima spika za tivii, na sauti ya kutoka iweke Bitstream au Auto, ili risiva iifumbue yenyewe. Ikibaki PCM, yaani tivii ndiyo inayoifumbua, mara nyingi utapata chaneli mbili tu.

Muvi zilizotafsiriwa za kwenye flashi, pamoja na mpira kwenye ving'amuzi vingi, huja na chaneli mbili. Bonyeza rimoti hadi uone Pro Logic II au Dolby Surround. Sauti ya mtangazaji itahamia spika ya kati na kelele za uwanja zitasambaa. Ukichoshwa na mtangazaji, shusha spika ya kati ubaki na mashabiki. Mimi hufanya hivyo mara nyingi tu.

Umeme, radi na vijidudu

Usiichomeke ukutani moja kwa moja. Friji gadi hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri kidogo unaporudi, na kipindi hicho cha kurudi ndicho kinachoua vifaa. Stabilaiza ni bora kama mtaani kwenu umeme huwa mdogo jioni. Lakini radi haizuiwi na vyote viwili. Ziwa hili hupika radi usiku, watu wamelala, na radi huingia kwa njia mbili: soketi na waya wa dishi. Wingu likijikusanya kabla hujalala, chomoa vyote viwili. Kuchomoa soketi peke yake ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Ukisikia mngurumo wa chini hata sauti ikiwa sifuri, chomoa waya wa dishi. Ukikoma, tatizo ni ethi, si risiva. Mwite fundi umeme wa nyumba akague waya wa ethi. Anayetumia sola, mngurumo unaweza kutoka kwenye inveta isiyotoa mawimbi laini.

Acha sentimita 15 juu ya risiva, usiweke king'amuzi wala kitambaa cha kufumwa. Nyumba za karibu na ziwa, siku vile vijidudu vinapopanda kama moshi na kufuata taa, funga dirisha au zima taa ya sebuleni. Nimefungua risiva za Kirumba nikakuta tabaka lake juu ya hitisinki, ile alumini ya kupoozea joto, limeshikana na vumbi. Brashi laini ya rangi na kipuliza hewa vinatosha, risiva ikiwa imechomolewa na imepoa.

Mwisho, andika kwenye karatasi umbali na desibeli za kila spika, uibandike chini ya risiva. Za zamani zikikaa wiki kadhaa bila umeme husahau kila kitu, na maikrofoni huwa haionekani siku hiyo.