Kromu haizibi shimo la kutu
Wenye kreni na matingatinga hapa Kigoma: kabla rodi ya jeki ya haidroliki haijapigwa kromu upya, isagwe mpaka vishimo vya kutu viishe kabisa. Kromu hubandikwa kwa umeme, na umeme hukimbilia kingo, kwa hiyo shimo hubaki shimo, na sili (pete inayozuia mafuta yasivuje) itachanika palepale. Rodi ya mm 50 iliyosagwa hadi 49.8 ipewe tabaka la mm 0.15 kila upande (ni kama saa 6 ndani ya beseni la kromu), kisha isagwe irudi 50. Rodi ya chuma kilichogumishwa kwa moto iokwe nyuzijoto 190 hadi 220 ndani ya saa 4 baada ya kutoka kwenye beseni, kabla ya kusagwa. Haidrojeni iliyonaswa ndani ya chuma wakati wa kupigwa kromu hukipasua. Ukiipokea rodi, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, irudishe.