Kununua tivii na wufa Mombasa: usipunjwe, usipunje

Jumamosi nilimsindikiza khalati yangu Digo Road kutafuta tivii ya inchi 43 na wufa ya kusikilizia kasida. Tulirudi na vyote viwili na hatukugombana na mtu. Binamu zangu wananiuliza tulifanyaje, basi naandika mara moja.

Hatua ya 1: Pima ukuta kabla hujatoka nyumbani. Inchi za tivii hupimwa kwa mshazari, si kwa upana.

Hatua ya 2: Pita maduka matatu, ukianzia Digo Road ukimalizia Mwembe Tayari. Uliza bei tu na uandike namba ya modeli mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu tivii mbili za inchi 43 za kampuni moja, moja yaweza kuwa Full HD na nyingine 4K, yenye picha kali zaidi. "Mwisho ngapi?" usiitamke kama huna nia ya kununua. Mtu akishakupa bei yake ya mwisho nawe ukaikubali, lipa. Kumfungulisha boksi kisha ukaenda zako si uungwana.

Hatua ya 3: Soma kibati cha nyuma. Hapa ndipo nilipoliwa mimi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma niliona wufa imeandikwa "10,000W PMPO" kwa herufi kubwa kama za matatu. Nikavutana na muuzaji saa mbili nzima, jasho latiririka, nikamtoa 9,500 mpaka 7,000. Nilitembea kifua mbele hadi Majengo. Nyumbani nikaigeuza nipachike waya, nikakuta kibati kidogo: 240V, 50Hz, wati 60. Sasa kitu kinachovuta wati 60 ukutani kitatoa wapi elfu kumi? Kwa sauti ya mfululizo hakiwezi kutoa hata hizo 60 zote, maana nyingine huishia kuwa joto. PMPO ni namba ya kupambia boksi, na kila kiwanda hujipimia kivyake. Namba ya kulinganishia ni RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Isipoandikwa popote, geuza wufa, tazama inavuta wati ngapi, na bei uitoe kwa hizo. Muuzaji mwenyewe huenda hajui. Usimwite mwizi, mwoneshe kibati kwa upole mbele ya mteja mmoja tu, yaani wewe.

Kibati hicho hicho kina volti. Kwenye mitumba, ukiona 100V peke yake, hiyo ni ya Japani. Bila transfoma umeme wetu wa 240 utaichoma. Kama una subira, amplifaya ya mtumba ya Uingereza na spika mbili za mbao ni bora kuliko wufa yoyote mpya ya plastiki. Lakini fungua kifuniko utazame kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Hatua ya 4: Washa. Nenda na flashi yako, usitegemee video yao ya maua. Weka picha nyeusi tupu, omba taa izimwe, utafute nukta zinazong'aa.

Hatua ya 5: Sasa toa bei. Usianze na nusu, hiyo ni matusi. Tuliambiwa 36,000.

"Ami, nifanyie thelathini na tatu," khalati akasema.

"Wallahi mama, hapo nakula hasara."

Akiapa, bado pana nafasi. Tulipofika 34,800 akaacha kuapa, akashika kikokotoo, akanyamaza. Hapo mwache mtu apate riziki yake. Khalati akageukia vitu vidogo: bano la ukutani, waya wa HDMI, na tuktuk ya kutufikisha. Akapewa vyote.

Hatua ya 6: Risiti. Kijana wa kaunta akatunong'oneza, "Bila risiti, thelathini." Msidanganyike hapo. VAT ni asilimia 16, na ndani ya 34,800 kuna 4,800 za kodi. Hakupunguza hata shilingi yake. Alichokiondoa ni kodi, na pamoja nayo karatasi ya kudaia waranti tivii ikifa mwezi ujao. Sisi tukachukua risiti, serial namba ya kifaa ikiwa imeandikwa juu yake.

Hatua ya 7: Lipa kwa till ya duka, si kwa simu ya kijana. Kisha nunua gadi ya tivii siku hiyo hiyo, kabla umeme haujakatika na kurudi kwa kishindo. Khalati alitaka kungoja mwisho wa mwezi. Nikamnunulia mimi.