SOMO: Kumfundisha mtafiti wa kwanta kuandika programu (nimechoka kujibu faraghani)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa mafunzo ukifika hapa Toronto, swali ni lile lile: "Unawafundisha nini watu ambao tayari wana PhD?" Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwa mgeni wa mambo haya: huku kuna mipango ya kuwalea watafiti wa kwanta (kompyuta zinazotumia fizikia ya chembe ndogo mno) mpaka wafungue kampuni. Creative Destruction Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilianzisha mkondo wake wa kwanta na ujifunzaji wa mashine mwaka 2017. Mimi nafundisha kwingine, na sipataji. Mtu anakuja na fizikia ya kukutoa jasho, ila programu yake inakubali kwenye laptopu yake tu. Kazi yangu si kumfundisha Python. Ni kuhakikisha mwenzake akiichukua programu ile kesho asubuhi, inampa jibu lile lile.

Hatua ya 1. Usianze na "Hello". Alete programu aliyoandikia tasnifu, mfundishe juu ya hiyo hiyo.

Hatua ya 2. Kila mradi na mazingira pepe yake, yaani folda yenye maktaba zake pekee (`python -m venv`), na matoleo ya maktaba hizo za programu yaandikwe kwenye `requirements.txt`. Hapa msibishane nami.

Hatua ya 3. Git, chombo cha kutunza historia ya programu. Siku ya kwanza: add, commit, push, pull. Matawi yangoje wiki ya pili. Tokeni (neno la siri) ya kuingilia kompyuta ya kwanta isiingie kwenye repo, yaani hifadhi ya programu. Ikiingia, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, historia bado inayo. Ibatilishe, uchukue nyingine.

Hatua ya 4. Daftari la Jupyter: programu inaandikwa vipande vipande viitwavyo seli, na injini iitwayo kernel inaviendesha na kukumbuka matokeo. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Msimu wangu wa kwanza niliwaachia madaftari wiki tatu nzima, kila mtu anabonyeza seli anayotaka. Siku ya kuonyesha kazi mbele ya wawekezaji, timu moja ikaja na kiainishi chenye usahihi wa asilimia 94. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mikono kifuani, akasema: "Zima kernel, endesha yote kutoka juu." Ikarudi 61. Ukumbi kimya, mimi natazama viatu vyangu. Kumbe walikuwa wameifundisha modeli, kisha wakarudi juu wakabonyeza tena seli ya `train_test_split`, inayogawa data ya kufunzia na ya kupimia, nayo haikuwa na `random_state`, namba inayofanya mgawanyo uwe ule ule. Data ikagawanywa upya. Vigezo vilivyofunzwa vilikuwa bado kwenye kumbukumbu, kwa hiyo modeli ikapimwa kwa mifano ambayo nyingi ilikwisha kuiona. Hakuna aliyedanganya. Mwenye kosa ni mimi, niliyewaonyesha daftari bila kuwaambia kwamba halisahau.

Tangu hapo:
– Hakuna namba inayotoka chumbani kabla ya "Restart" na "Run All".
– Mbegu ya nasibu (namba inayofanya bahati nasibu ijirudie ile ile) iandikwe seli ya juu kabisa, kwa NumPy, maktaba ya hesabu, na kwa simuleta pia, yaani programu inayoiga kompyuta ya kwanta. Kuweka moja ukasahau nyingine ni sawa na kutoweka.
– Kitu kikitumika mara ya pili, kitoke kwenye daftari kiende faili la `.py`.
Na usiwaambie wayatupe madaftari. Mtafiti anafikiri humo. Ukimnyang'anya atakuchukia, na atalitumia kwa siri.

Hatua ya 5. Majaribio. Neno "unit test" linawachosha, sema "hakiki". Jumla ya uwezekano ni 1? `assert abs(p.sum() - 1) < 1e-9`. Halafu mpangilio wa kyubiti (biti za kompyuta ya kwanta): wengi huhakiki kwa hali ya Bell, kyubiti mbili zilizofungamana, wanapata 00 na 11, wanafurahi. Hali hiyo haibadiliki ukibadilishana nafasi za kyubiti, kwa hiyo haikuonyeshi kitu. Weka geti X (inayogeuza 0 kuwa 1) kwenye kyubiti 0 peke yake kati ya mbili. Kati ya maktaba mbili za kwanta, Qiskit itakuandikia 01, PennyLane itakupa uwezekano wote kwenye 10. Zote ziko sahihi, kila moja inahesabu kutoka upande wake. Anayehamisha programu kati ya hizo mbili bila hakiki hii atapoteza wiki.

Hatua ya 6. Simuleta kwanza, mashine halisi baadaye.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Mtoto_wa_Kariakoo: Mkuu, hatua ya 2 haifanyi kazi kwangu.

Mleta somo: "Haifanyi kazi" si ujumbe wa kosa. Bandika mistari mitano ya mwisho.

Mtoto_wa_Kariakoo: cannot import name 'execute' from 'qiskit'

Mleta somo: Unafuata mafunzo ya zamani. `execute` iliondolewa Qiskit 1.0, Februari 2024. Tafuta mafunzo mapya. Na hiyo ndiyo sababu ya hatua ya 2.

BintiSaketi: Asante kwa somo. Nafundisha Dodoma, laptopu zetu zina RAM ya GB 8. Simuleta itafika kyubiti ngapi?

Mleta somo: Swali zuri, dada. Hali kamili ya kyubiti n ni namba changamano 2^n, kila moja baiti 16. Kyubiti 20 ni MB 16 tu. 28 ni GB 4, 29 tayari ni GB 8, umekwama. Kila kyubiti inayoongezeka inazidisha mara mbili. Lakini kwa masomo ya kawaida darasani hutahitaji zaidi ya kyubiti 8, kwa hiyo mashine zako zinatosha kabisa. Wape zoezi la kupima muda kuanzia 10 hadi 24 wachore grafu wenyewe, wataelewa kwa nini watu wanahangaika kujenga mashine yenyewe.

BintiSaketi: Nitafanya hivyo. Shida nyingine ni bando, wanafunzi 30 kila mmoja anapakua maktaba zile zile.

Fundi_Flash: Dada, pakua mara moja kwa `pip download -r requirements.txt`, weka kwenye flash, kisha kila mtu `pip install --no-index --find-links` na jina la folda. Angalia tu toleo la Python na mfumo wa kompyuta vifanane, la sivyo inagoma.

Mleta somo: Hii hata mimi naichukua.

Prof_Mtarajiwa: Kwa nini unawapotezea muda na Python? Watu makini wanaandika C++.

Mleta somo: Simuleta zenyewe ndani zimejaa C++ na Rust, najua. Ninao wiki nne, si miaka minne. Wewe fungua somo lako la C++, nitakuja kusoma.

Kijana_Wa_Namba: Mkuu naomba codes zote za mradi mmoja uliokamilika, nina defense Jumatatu.

Mleta somo: Hapana.

Nahodha_wa_Tanga: Gradienti zangu zote ziko karibu na sifuri, kyubiti 14, tabaka nyingi, vigezo vya kuanzia nasibu. Nimekosea programu?

Mleta somo: Huenda hujakosea. Tatizo hilo lina jina, uwanda tasa (barren plateau). McClean na wenzake walilieleza mwaka 2018: saketi (mfululizo wa geti) ya nasibu ikiwa na kina, gradienti, yaani kipimo cha jinsi jibu linavyobadilika ukigusa kigezo, hunywea haraka kadiri kyubiti zinavyoongezeka. Kwanza hakikisha si kosa lako. Shusha hadi kyubiti 2, tabaka 1, linganisha gradienti ya kanuni ya kusogeza kigezo na ile uliyoikokotoa kwa mkono. Zikilingana, panda 4, 6, 8 ukiandika ukubwa wake. Ukiona inapungua kwa mpangilio, punguza tabaka au anza na vigezo vilivyo karibu na sifuri. Tuletee grafu hapa.

Nahodha_wa_Tanga: Kyubiti 2 zimelingana mpaka desimali ya sita. Napanda 4.