SOMO: Kupeleka maoni ya mradi wa bomba la gesi mpaka yajibiwe

Assalaam alaykum. Suali moja naulizwa kila wiki, "bomba likija kwetu tunapelekaje maoni ya mazingira", basi naandika hapa mara moja.

1. Jua wa kumpelekea. Mazingira si jambo la Muungano. Kwetu Zanzibar ni ZEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa kwa Sheria namba 3 ya 2015, bara wasimamizi wa mazingira ni NEMC. Bomba likianzia bara likavuka bahari kuja kwetu, andika kotekote. Na likipita magharibi ya Pemba taja kuwa mkondo ule ni hifadhi tangu 2005.

2. Nenda kwa sheha, ulizia ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, muhtasari wa Kiswahili na ramani ya njia ya bomba.

3. Wahi mwanzo, pale wenye mradi wanapopanga nini kichunguzwe. Mwamba waliousahau hapo ni tabu kuurudisha baadae.

4. Hapa ndo nilipoharibu, someni taratibu. Mradi mmoja wa pwani (si wa gesi) niliandika kurasa 4, hasira tupu, "tunapinga, bahari ndo maisha yetu", saini chungu nzima na mama yangu katia dole gumba. Ripoti ilipotoka sisi sote tumekuwa mstari mmoja: wananchi wana wasiwasi kuhusu mazingira. Iliniuma sana, lakini kweli sikuwapa kitu cha kujibu. Siku hizi naandika hivi: "Kwenye ramani bomba linapita baina ya diko letu na mwamba wa pweza. Mkichimba mtaro chini ya bahari mchanga utatifuka, na wakati wa kusi mkondo unakwenda kaskazini kwa nguvu, utashukia mashamba ya mwani. Mtachimba mwezi gani? Nani atapima tope, na likizidi kazi itasimama?" Pahala, msimu, nani anaumia, halafu suali. Suali la namna hiyo likiachwa bila jibu kila mtu analiona.

ONYO: msinakiliane barua, mia zinazofanana zinaweza kuhesabiwa moja.
ONYO LA PILI: kabla ya kusaini mahudhurio ya mkutano soma juu ya karatasi pameandikwa nini. Kuhudhuria si kukubali.

5. Baki na kopi ya barua yako yenye muhuri wa waliopokea.

MASUALI

Kijana wa Chake: kwa ufupi tukatae au tukubali?
— Sijaandika popote ukatae wala ukubali. Rudi namba 4.

Mzee wa Dago: Nipe namba ya simu ya mtu wa ZEMA nimwambie mwenyewe.
— Mzee wangu, simu haina muhuri. Barua.

Bi Mwani: Mwanangu nimesoma yote. Wakishachimba wakafukia, mwani wetu ndo salama?
— Shikamoo bi mkubwa, hili wengi hawaliulizi. Bado kuna maji ya majaribio. Bomba likishaungwa hujazwa maji na kupewa presha kuona kama linavuja, na mara nyingi yanatiwa dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu. Baadae lazima yamwagwe pahala. Andikeni: yatamwagwa wapi, yamesafishwa vipi, na maji ya bahari yakiwa yanajaa au yanatoka? Yakimwagwa karibu na ufukwe wakati yanajaa, yanakuja kwenye kamba zenu.

Mtu wa Tumbe: likipasuka si itakuwa kama mafuta, pwani yote nyeusi?
— Hapana, gesi hii takriban yote ni methane, inapanda juu kwa mapovu. Mabomba ya gesi ya Nord Stream yalipopasuka Septemba 2022 kule bahari ya Baltic, Ulaya, maji yalichemka mapovu na meli zikawekwa mbali. Hatari ni moto, na methane inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Ila bomba la baharini si geni, la Songo Songo linapita chini ya maji kilomita 25 mpaka Somanga tangu 2004. Sisi wavuvi tuulize nanga na madema: juu ya bomba tutazuiwa kuvua? Upana gani, muda gani, na fidia ya anaetegemea pahala pale?

Mtu wa Tumbe: hilo la madema sikulifikiria, ahsante. Na mimi niongeze, pigeni picha za mwamba bamvua maji yakishatoka, simu iwashwe lokesheni, picha inabaki na tarehe na pahala. Baadae hawasemi hapakuwa na kitu.
— Ihesabuni ni sehemu ya namba 4. Pigeni na nyasi za baharini, si matumbawe tu.

Bi Mwani: Simu yangu ya tochi. Bamvua hii namchukua mjukuu na yake.